Kabla hujatoa hela ya kufungua kesi, uliza kwanza mlango wako ni upi (yaliyonikuta hapa Moshi)

Fundi wa Mbuyuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha, maana wiki hii nimekutana na dada mwingine amekaa kwenye benchi lile lile nililokaa mimi, ameshika bahasha, anahesabu hela za kumpa mtu yule yule.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea karibu na soko la Mbuyuni. Kwetu ni Uru. Baba alifariki mwaka 2022 akaacha kihamba (shamba la ukoo), migomba na kahawa kidogo, na nyumba waliyojenga yeye na mama kwa miaka mingi. Tuko watano. Kaka yetu mmoja yuko Mwanza, wanne tuliobaki ni wasichana. Miezi minne baada ya msiba, baba mdogo aling'oa masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, akayapanda upya hatua kumi na moja ndani ya migomba yetu. Mama alipokwenda kumuuliza, alijibiwa kwamba mtoto wa kike harithi kihamba na kaka yenu kishahamia kwa Wasukuma, kwa hiyo hapa pana mjane tu.

Nilishuka mjini nina hasira. Sikumuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja maeneo ya mahakamani, na kabla sijafika getini kaka mmoja mwenye begi jeusi akaniita kwa upole, "Dada, una shida gani, njoo kivulini." Alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote wa familia yangu alivyonisikiliza mwaka ule. Hilo nalitaja makusudi. Ukiwa na uchungu, anayekusikiliza wa kwanza ndiye unayemwamini.

Nilitoa 180,000. Baadaye 60,000 ya fomu. Risiti niliyopewa ninayo mpaka leo: ukurasa uliochanwa kwenye daftari la hesabu, mbele imeandikwa "nimepokea kwa ajili ya kesi", hakuna jina la ofisi, na nyuma kuna hesabu za kujumlisha za mtoto wa shule zenye alama za vyema. Aliandika madai kwa jina langu akayapeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kutajwa hakuingia ndani. Alisema nisimame mwenyewe, yeye ananisubiri nje. Baba mdogo alikuja na wakili. Yule wakili alisimama dakika mbili tu. Alisema ardhi inayodaiwa ni ya marehemu na mdai si msimamizi wa mirathi, tena shauri halikupita Baraza la Kata. Mwenyekiti akanigeukia: "Mama, unayo barua ya usimamizi?" Nilikuwa sijui hata inafananaje. Shauri likaondolewa siku ile ile.

Nje yule kaka akasema tumeonewa, nimpe laki mbili akate rufaa. Nikampa. Simu yake haijapatikana tena. Jumla ni 440,000, na hiyo ilikuwa ada ya mwanangu.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja wa jumuiya yetu ndogondogo. Tulikuwa tumemaliza sala, akaniona siondoki. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, mbona hapa kwenye kata tunaye msaidizi wa kisheria? Kesho nakupeleka." Wakuu, huyo msaidizi anaishi nyumba ya tano kutoka kwetu. Nilikuwa nampita kila Jumapili.

Msaidizi ni mama wa makamo, mwalimu mstaafu. Hakuniuliza habari ya hela. Alichukua biki akachora vibanda viwili nyuma ya bahasha ya kaki. Cha kwanza akaandika MAHAKAMA YA MWANZO, chini yake "baba". Cha pili akaandika BARAZA, chini yake "mpaka". Akasema, "Ulianzia hapa pa pili. Baba yako hawezi kudai mwenyewe, amelala. Lazima kwanza mahakama imtaje mtu wa kusema kwa niaba yake. Huyo ndiye atakayekwenda kudai mpaka."

Basi. Mwaka mzima wa maisha yangu ulikuwa kwenye hiyo michoro miwili.

Akaniuliza kama tuna cheti cha kifo. Nikatoa karatasi. Akatikisa kichwa: hicho ni kibali cha mazishi, nendeni RITA, ofisi ya kusajili vizazi na vifo, mkakate cheti. Kisha tukae kikao cha familia, tuandike muhtasari, wote wasaini, waliohudhuria watajwe na warithi wote watajwe, hata kaka wa Mwanza, hata mama. Tukampendekeza dada mkubwa. Maombi yakafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, baba mdogo hakuleta pingamizi, dada akapewa fomu namba 4. Hiyo ndiyo barua niliyoulizwa siku ile.

Na lile neno kwamba mtoto wa kike harithi kihamba, alinionyesha lilipojibiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Miaka zaidi ya ishirini! Na bado tunaambiwa kwenye matanga.

Nataka kila mwenye jambo atupie hapa: shida yake ilikuwa ipi na mlango wa kwanza ulikuwa upi. Karibuni.

Dereva wa Sakina

Pole sana dada. Mimi ni wa Arusha, mambo ya kazi. Nimeendesha watalii miaka sita. Niliachishwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku, "kuanzia kesho usije, gari mwachie fulani."

Nilichofanya ni kuzunguka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikaenda ofisi ya serikali moja nikaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu nikapeleka barua, wakaipokea, nikaambiwa mhusika yuko semina. Rafiki akasema twende polisi. Nilipotajiwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watu wengi wanaiita CMA, ilikuwa siku ya 41.

Kwa anayesoma hapa: ukiachishwa kazi una siku 30 za kufika Tume. Madai mengine ya kazi, kama mshahara ambao hujalipwa ukiwa bado kazini, ni siku 60. Nilipochelewa ilibidi niombe kuongezewa muda na nieleze kila siku nilikuwa wapi. Kilichoniokoa ni ile barua ya Jumatatu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kila unapopeleka barua, baki na nakala yenye muhuri na tarehe. Mimi nilifanya kwa bahati tu.

Kwenye usuluhishi tulikaa meza moja na bosi, msuluhishi katikati. Sikutegemea. Tulimaliza siku ya pili, nikalipwa notisi, likizo na fidia kidogo. Sikuhitaji wakili.

Mzee wa Machame

Binti wa Mbuyuni, nimekusoma mpaka mwisho na nimeumia kwa ajili ya mama yako. Lakini niruhusu niseme kama baba. Mbona hukurudi kwa wazee wa ukoo kwanza? Sisi Wachagga tuna sale. Mtu akikuletea jani la sale kuomba radhi, huwezi kulikataa. Na mpaka wa sale haung'olewi na mtu mwenye akili zake. Wazee wangekaa pale pale mpakani, wakaitana kwa majina, na lingekwisha kabla ya kufika mjini. Kesi ya ndugu inaacha watoto hawasalimiani Desemba.

Fundi wa Mbuyuni

Shikamoo mzee. Asante kwa neno lako, na nakuheshimu kwa kulisema.

Tulikaa. Mara mbili. Mara ya kwanza wazee sita, wote wanaume, mama alikalishwa nje na wapishi. Mara ya pili baba mdogo hakuja. Mzee mmoja alinifuata pembeni akaniambia, "Mwanangu, unachosema ni kweli, lakini huyu ndiye anayetuletea mbege." Sikuwa na pa kurudi.

Ila nakubali jambo moja. Kikao cha ukoo si adui wa mahakama. Muhtasari wa kikao ndio uliofungua mirathi. Na msaidizi wa kisheria mwenyewe alituambia tupeleke ugomvi wa mpaka Baraza la Kata kwa ajili ya usuluhishi, kwa sababu sheria inataka hivyo.

Mzee wa Machame

Marahaba. Hilo la kumkalisha mjane nje si mila. Ni aibu. Nimekuelewa.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani karibu maisha yangu yote, sasa niko nyumbani Pasua. Niongeze machache, maana mleta uzi amegusa mambo ambayo nimeyaona yakiwaumiza watu kila wiki.

La kwanza. Dada, shauri lako liliondolewa, halikutupiliwa mbali. Kwa mwananchi ni neno moja, lakini tofauti yake ni kubwa mno. Likiondolewa maana yake limekuja vibaya, lirekebishe ulilete upya. Hapakuwa na cha kukatia rufaa pale. Ile laki mbili ya mwisho uliibiwa mchana kweupe. Ukitoka ndani ya chumba cha mahakama, nenda kwa karani umuulize neno moja tu: limeondolewa au limetupiliwa mbali? Karani haruhusiwi kukupa ushauri wa kesi yako, lakini hilo atakujibu.

La pili, Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani linahukumu. Mpaka mwaka 2021 lilikuwa linaamua mashauri madogo ya ardhi. Sheria ikabadilishwa, sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linakupa hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, unaenda nayo Baraza la Wilaya. Siku 30 zikipita hawajamaliza, unaruhusiwa kwenda. Msikubali kuzungushwa pale miezi minane.

La tatu, msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu. Dada yako amepewa mzigo, hakupewa kihamba. Anatakiwa ndani ya miezi minne alete orodha ya mali, fomu namba 5, halafu aeleze alivyogawa, fomu namba 6. Nimeona wasimamizi wakijenga ghorofa kwa mali ya wadogo zao kwa sababu hakuna aliyeuliza fomu namba 6 iko wapi. Muulize, hata kama ni dada yako unayempenda.

La nne, vishoka, yaani wanaojifanya mawakili. Wakili halali anaonekana. Mahakama ina mfumo unaitwa e-Wakili, unaandika jina lake unaona kama yumo na kama anaruhusiwa kufanya kazi kwa sasa. Dakika moja kwa simu. Msaidizi wa kisheria naye anasajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, halipishi, na haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili. Akikwambia nipe hela nikusimamie kesi, huyo si msaidizi wa kisheria.

Binti wa Njiro

Naomba kuuliza kwa niaba ya shoga yangu. Ndoa ya kanisani, miaka kumi na moja, watoto watatu. Mume ana mtu mwingine na sasa anataka kuuza nyumba ya Ngaramtoni. Anamwambia "wewe ni mama wa nyumbani, hujachangia hata tofali." Anaogopa kwenda popote kwa sababu watu wa kanisa watajua. Aanzie wapi?

Mama Tatu wa Kaloleni

Mwambie shoga yako nimepita hapo hapo, na maneno niliyoambiwa ni hayo hayo, hata tofali lilitajwa.

Kuhusu mchango: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, na ikasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kupika kwake, kulea kwake, kulinda nyumba wakati mume anatafuta, vyote vinahesabika. Haimaanishi nusu kwa nusu kila mara, mahakama inapima. Lakini ile kauli ya hujachangia hata tofali haina miguu.

Kuhusu kuuza: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Asisubiri dalali aje na mteja. Awahi kutafuta msaada wa kuweka zuio. Arusha TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia. Aende na cheti cha ndoa na karatasi yoyote ya nyumba, hata picha kwenye simu.

Na kuhusu kanisa. Kama anafikia talaka, mahakama itamuuliza kwanza kama wamepita baraza la usuluhishi la ndoa. Si lazima liwe la kanisa lake. La kata lipo. Mimi niliogopa macho ya mama mchungaji, nikaenda kata, nikakuta mzee mmoja mpole ambaye hakunijua wala sikumjua. Nililia pale kwa mara ya kwanza tangu yaanze.

Swali langu kwako, Binti wa Njiro: anampiga?

Binti wa Njiro

Hajaniambia wazi. Juzi alikuja kavaa miwani ya jua, jioni.

Mama Tatu wa Kaloleni

Basi habari ya nyumba isubiri. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, si kaunta ya mbele. Akifika aseme anataka dawati. Watampa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama ameumia sana aanze hospitali, asikae kutafuta karatasi kwanza. Na kama watoto wanaguswa, 116 ni simu ya watoto, haina malipo.

Usimwambie aondoke wala asiondoke. Mwambie tu utalala na simu imewashwa. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa hivyo, wifi yangu mwenyewe, dada wa mume. Alikuwa anaacha mlango wa uani haujafungwa kwa ndani. Nilikwenda usiku mara mbili. Ofisi zote nilizotaja nilizijua kwa sababu ya huyo mtu mmoja.

Kijana wa Usa River

Wakuu samahani kwa kuingilia. Hivi kwa asiye na ugomvi na mtu? Mimi sina kesi. Nimefiwa na mke Januari, nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kazi siendi, silali. Kila mtu ananiambia jikaze mwanaume. Sijui hili linapelekwa wapi.

Fundi wa Mbuyuni

Pole sana mdogo wangu. Umefanya vizuri kuandika.

Linapelekwa. Halmashauri yako ina ofisa ustawi wa jamii, na hospitali za wilaya na mikoa nyingi zina mtu wa ustawi. Muulize kuhusu wewe na kuhusu mtoto, vyote viwili ni kazi yake. Na hiyo ya kutolala kwa miezi ni ya hospitali, mweleze daktari hivyo hivyo ulivyotueleza. Hapa Moshi KCMC wana idara ya afya ya akili. Kwenda huko si wazimu. Mama yangu baada ya yale masale alikaa wiki sita anaongea na ukuta. Tulidhani ni uzee. Daktari alimsikiliza, akampa dawa kidogo na siku za kurudi kuzungumza. Sasa anapalilia.

Usiku wa leo uko na nani nyumbani?

Kijana wa Usa River

Shangazi amekuja kutoka Tengeru. Yupo na mtoto.

Fundi wa Mbuyuni

Muonyeshe shangazi ulichoandika hapa. Asubuhi nendeni wote.

Mpare wa Himo

Mleta uzi, umesema msaidizi wa kisheria wa kata. Sisi hatuna, au kama yupo hajulikani. Huku mtu akipata shida anakwenda kwa mwenye duka la kutoa nakala, anamwandikia.

Karani Mstaafu

Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata, ndiye mwenye orodha. Akikosa, ofisi ya halmashauri. Kwa mkoa wetu, KWIECO, shirika la msaada wa kisheria, wapo Moshi tangu miaka ya 1980, walianza na wanawake. Ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 nayo imekuwa ikipita mikoani, sikilizeni redio. Na kila mwaka mwishoni mwa Januari kuna Wiki ya Sheria, mahakama zinatoka nje kutoa elimu na ushauri bure. Wale mahakimu unaowaogopa unawakuta wamekaa chini ya turubai, hawana foleni. Nilikuwa napanga viti, naona watu wanapita kwa mbali wakidhani ni mkutano wa chama.

Mpare wa Himo

Asante mzee. Sasa niseme langu. Nilishindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, shamba la tambarare. Anayeniandikia alisema nisiwe na haraka, rufaa ni miezi sita, tumalize kuvuna kwanza. Hukumu ilisomwa siku 33 zilizopita. Je, yuko sawa?

Karani Mstaafu

Hapana. Kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Zimebaki 12. Umeshaomba nakala ya hukumu kwa barua?

Mpare wa Himo

Sijaomba. Sikuambiwa.

Fundi wa Mbuyuni

Kaka, acha kusoma huu uzi. Andika barua mstari mmoja, "naomba nakala ya hukumu na tuzo ya shauri namba fulani" (tuzo ni ile amri inayotoka na hukumu), fanya nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Wahi kabla ya saa nane. Ukitoka hapo njoo Mbuyuni, uliza fundi wa sare za shule karibu na wauza ndizi. Nitakupeleka mwenyewe kwa yule mama wa bahasha.

Mpare wa Himo

Nimeshapanda hiace. Ndiyo tunaingia Kiboroloni. Barua naiandikia kwenye goti.